Adabu ya Macho Chini

Nimesifiwa kijinga mara nyingi maishani, lakini hakuna sifa iliyonigharimu kama ile ya kwamba mwanangu ana adabu.

Ilianza akiwa na miaka mitatu. Mgeni akiingia kwetu Mabatini, mtoto anatoa mkono wa kulia huku uso ameugeuzia ukutani, macho sakafuni, mwili mzima umepinda, utafikiri anataka kutoka nje na kuuacha mkono nyuma. Mgeni anaupokea ule mkono, anatabasamu, anasema huyu kalelewa. Mama mwenye nyumba alisema hivyo. Muuza mkaa wa jirani alisema. Wanawake wa jumuiya walisema kwa zamu, wakilalamikia watoto wa siku hizi wanaowakodolea wakubwa macho kama wanatazama runinga. Na mimi, mama yake, mwalimu wa biolojia wa sekondari, mwenye shahada iliyotundikwa kwenye ukuta uleule aliokuwa anaugeukia, nilichekelea na kujibu kwamba ni malezi tu.

Malezi. Nikilikumbuka neno hilo natamani kujizaba kibao.

Aliyeongoza kwaya ya sifa alikuwa baba yangu. Baba ni mwalimu mkuu mstaafu, anaishi Sengerema, ng'ambo ya ghuba, kwenye nyumba ambayo kila tofali lake ameshalihutubia. Alistaafu kazi, hakustaafu kufundisha. Kwake dunia ina watu wa aina mbili, wanaojua kusalimia na wahuni, na mtu akishaingia kundi la pili hatoki hata akifufua wafu. Kila Krismasi aliwapanga wajukuu mstari barazani, wakubwa kwa wadogo, wapite mmoja mmoja kumsalimia, naye akisahihisha. Huyu hakuinama vya kutosha. Yule kanong'ona. Huyu mkono mmoja mfukoni, arudi mwisho wa mstari. Mwanangu alipofika, akatoa mkono na kugeukia ukuta, baba aliwasimamisha wote.

"Tazameni mwenzenu," aliwaambia. "Mdogo kuliko ninyi, lakini hanikodolei macho. Samaki mkunje angali mbichi."

Binamu zake walimchukia siku nzima, na yeye hata hakujua kama kuna chuki. Alikuwa nyuma ya nyumba akizungusha kizibo cha soda juu ya ndoo iliyofunikwa. Alikizungusha tangu chai ya asubuhi mpaka tulipoita watu kula, na tulipokichukua alijing'ata mkono mpaka meno yakabaki yamechorwa kwenye ngozi.

Kulikuwa na jambo la pili, ambalo nalo mila zetu zililimeza bila kutafuna. Mwanangu hakusema shikamoo. Alisema marahaba. Alimwendea babu yake, akatoa mkono, akageuza uso, akakohoa kidogo na kusema: "Marahaba, mjukuu wangu." Ilikuwa sauti ya babu yake hasa, na kile kikohozi kilikuwa cha babu yake, ambaye hawezi kuanza sentensi bila kusafisha koo. Mtoto alikuwa anarudisha salamu kama alivyozoea kuisikia. Alikuwa na miaka minne, hajui kuomba maji, anakuvuta nguo mpaka kwenye mtungi, lakini kikohozi cha mzee anakitoa bila kukosea. Mtu yeyote mwenye akili timamu angejiuliza kulikoni.

Baba alicheka mpaka akafuta machozi. Kwetu babu na mjukuu ni watani. Mjukuu anaruhusiwa kumwambia babu yake kwamba ni kizee kisicho na meno na kwamba bibi atamchukua yeye, na watu watacheka. Kwa hiyo baba akaamua kwamba huu ni utani, tena wa mtoto mwenye kipaji, naye akamjibu kwa unyenyekevu wa kuigiza: "Shikamoo, babu." Tangu siku hiyo ikawa ndiyo salamu yao. Mtoto asipojibiwa hivyo hakuondoka. Angesimama na mkono wake hewani, akirudia maneno yaleyale, mpaka ajibiwe. Baba aliwasimulia wazee wenzake kanisani, nao wakamwambia kwamba damu yake imepata mrithi.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kutotazama watu ilikuwa adabu, na kurudia maneno ulikuwa utani. Tulikuwa na jibu kwa kila kitu, sisi, na yote yalikuwa majibu ya kutusifu.

Yale yasiyosifika ndiyo yaliyowapa watu kazi. Mtoto alipokuwa anapepesa viganja vyake hewani akifurahi, na alipokuwa anaziba masikio na kupiga kelele mashine ya kusaga ya mtaani ikiwashwa, kila mwenye mdomo akawa daktari. Mwalimu mwenzangu ofisini alisema nimemharibu kwa simu. Mtoto hakuwahi kushika simu, alikuwa anaiogopa inapolia, lakini ukweli haukumzuia mwalimu yule kuendelea na somo. Mama mkwe alikuja kutoka Magu na mchele wa shamba lake na chupa ya dawa ya mizizi, akaniweka kitako jikoni.

"Mayu, mimi sikufichi," aliniambia, mayu ikiwa ndiyo mama kwa Kisukuma chake. "Kwetu hakuna mtoto wa namna hii. Kwenu kuna kitu."

Nilimdharau kwa moyo wangu wote. Nilimwona mwanamke wa kijijini anayetafuta pa kutupia mzigo, na nilimjibu kwa heshima ile ya meno yaliyokazwa ambayo wakwe wanaielewa vizuri kuliko tusi. Mume wangu alikuwa sebuleni anasikia. Mume wangu ni fundi wa majokofu kwenye kiwanda cha samaki, mtu mwema, ila wema wake wote umo katika kunyamaza. Alinyamaza hivyohivyo mama yake alipotupeleka kwa nabii.

Nabii alikuwa na hema, spika mbili ndefu kuliko mimi, na suti ya rangi ya bizari. Mtoto anayepiga kelele kwa mlio wa mashine ya kusaga aliwekwa mbele ya spika zile, na mikono yake ikashikwa na wahudumu wawili ili asizibe masikio. Alilia mpaka sauti ikakatika, akajikojolea, akalegea. Nabii akatangaza kwamba pepo limetoka na kwamba mkojo ule ndio ushahidi. Watu wakapiga vigelegele. Nilimbeba mwanangu amelowa mpaka kwenye soksi, na sitadanganya, katikati ya hasira zangu kulikuwa na kijisehemu kilichokuwa kinangoja kuona kama kesho ataamka akiongea. Kijisehemu hicho ndicho ninachokidharau kuliko suti ya nabii.

Alipotimiza miaka mitano tukampeleka shule ya awali. Wiki ya tatu nikaitwa. Mwalimu wake, binti aliyejichora nyusi mpaka karibu na nywele, aliniambia kwamba mtoto ana dharau. Nikamuuliza dharau gani. Akasema: haniangalii ninapoongea naye. Nimemwambia mara mia aniangalie, anageukia dirishani, halafu ananirudia maneno yangu mwenyewe, "niangalie ninapoongea na wewe," kwa sauti yangu, darasa zima linacheka.

Nilicheka pale ofisini, kicheko kibaya, na yule binti akadhani namcheka yeye. Nilikuwa najicheka mimi na ukoo wangu. Mtoto alikuwa yuleyule, macho yaleyale. Nyumbani kwa babu yake yalikuwa nishani, na huku yalikuwa kosa la kumrudisha nyumbani na mkoba wake. Wiki hiyo niliacha kusikiliza watu, nikampeleka hospitali.

Daktari wa watoto alikuwa mwanamke kijana, mwenye sauti ya chini na haraka hana. Kabla hajagusa faili alimnyooshea mwanangu mkono. Mtoto akautoa wake, akageuza uso ukutani, mwili ukapinda. Niliingoja ile sifa. Ilikuwa imeshakuwa mazoea, kama kungoja chenji. Daktari hakusifu. Aliushika mkono ule bila kuubana, akamtazama mtoto kwa muda, kisha akaandika kitu.

Alimwangalia masikio, makubwa kama ya babu yake, tuliyokuwa tunayataja kwa fahari. Alimkunja vidole kwa nyuma, vikaenda mpaka mahali ambapo vidole havipaswi kufika. Aliniuliza kuhusu maneno, usingizi, kelele, viganja. Akalitaja neno usonji, ambalo nilikuwa nimejiandaa nalo. Halafu akauliza kitu ambacho sikujiandaa nacho.

"Baba yako mzazi yupo hai?" aliuliza. "Mikono yake inatetemeka?"

Nilihisi mtu kanifungulia mlango wa nyumba yangu bila kubisha hodi. Baba alikuwa anatetemeka kwa miaka mitatu. Mkono ukiwa umetulia hauna neno, lakini akiunyoosha kuchukua kikombe unaanza kucheza, na chai inaishia kwenye kisahani. Kutembea nako kulikuwa kumeharibika, anapepesuka kama mlevi, mtu ambaye hajawahi kuonja pombe. Watu wasiomjua walisema ni gongo. Yeye mwenyewe alisema ni jirani wa mpakani, waliyegombana naye juu ya mstari wa mkonge, kwamba amemtupia kitu. Mwalimu mkuu yule, aliyekuwa anachapa wanafunzi kwa kuvaa hirizi, sasa alikuwa na uzi mweusi kwenye kifundo cha mkono, ameuficha chini ya mkanda wa saa. Niliuona siku moja anaosha mikono. Tuliangaliana, kila mmoja akajifanya hajaona.

Damu ya mwanangu na yangu zilisafirishwa mbali, na majibu yalichukua miezi. Yaliporudi, daktari alinieleza taratibu, kama mtu asiyejua nafanya kazi gani, na nilimshukuru kwa hilo. Kuna ugonjwa wa vinasaba. Kwa Kiswahili chake aliuita X tete. Kwenye kromosomu ya X kuna kipande kinachojirudia rudia, kama mtu aliyekwama kwenye neno moja. Kikiwa kifupi hakina shida. Kikiwa cha kati, mtu anaishi, anasoma, anaoa, anaongoza shule, na uzeeni mwanaume anaweza kuanza kutetemeka na kupepesuka. Kikipita kwa mama kwenda kwa mtoto kinaweza kurefuka ghafla, na kikishakuwa kirefu, jeni inanyamaza, na mtoto anazaliwa kama wangu. Mimi nilikuwa na kile cha kati. Mama yangu alishafariki na hakukuwa na damu yake ya kupima, lakini kwa hali ya mikono ya baba, daktari alidhani kimetoka kwake. Damu ya baba ndiyo ingesema kwa uhakika. Na kama ni yeye, basi wanawe wa kiume wamesalimika, na binti zake wote tunacho, bila kubahatisha. Mwanaume ana X moja tu. Binti yake lazima aichukue hiyohiyo, hana nyingine ya kumpa.

Hayo ya mwisho sikuhitaji kuelezwa. Nimeyafundisha kidato cha nne mwaka baada ya mwaka. Nimechora ubaoni miraba ya wanaume na miduara ya wanawake, nikaipaka chaki ile ya wanaobeba ugonjwa, nikawauliza wanafunzi ni nani atarithi, nikawakaripia waliokosea. Wanafunzi wangu wamefaulu swali hilo na kwenda vyuoni. Mimi niliyelitunga sikuwahi kuchora mraba wa baba yangu, mduara wangu, na mraba mdogo chini yake uliokuwa umenigeuzia uso. Nyani haoni kundule, na nyani mwenye shahada ndiye haoni kabisa.

Nikamkumbuka na mama mkwe. Kwenu kuna kitu, alisema. Alikuwa anafikiria uchawi, mizimu, laana, hakujua hata chembe ya alichokuwa anasema, na alikuwa sahihi. Kuna watu wanaopatia mambo kwa njia ya kijinga, nao wanaudhi kuliko waliokosea. Mume wangu alipomwambia majibu kwa simu alisema alijua tangu mwanzo. Kisha akaomba aongee na mjukuu wake, akakubali kuambiwa marahaba mara tisa bila kukata simu, jambo ambalo lilinivurugia kidogo dharau yangu.

Ila aliyekuwa ananikosesha usingizi ni mdogo wangu. Tuko mabinti wawili tu kwa baba. Mdogo wangu ni muuguzi, mcheshi, tofauti na mimi, na posa yake ilikuwa imeshapokelewa. Wazee wa mchumba walikuwa wameshapangiwa siku ya kuja Sengerema kwa utambulisho. Hakuna aliyekuwa anamkataza kuolewa wala kuzaa. Alitakiwa ajue tu, apime damu yake, na mwanaume anayemwoa ajue, ili siku moja asije akasimama mbele ya spika za nabii na mtoto aliyejikojolea. Nilivuka na kivuko nikamweleza baba kwanza, maana nililelewa hivyo, kwamba jambo la ukoo linaanzia kwa mkubwa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Niliomba jambo moja, akapime. Alinyoosha mkono kuchukua kikombe, mkono ukaanza kucheza, akaurudisha juu ya paja na kuufunika kwa mwingine.

"Mimi nimelea watoto wa wilaya nzima," alisema. "Damu yangu ni safi. Ukilitamka hilo kabla mdogo wako hajaolewa, usiniite tena baba."

Aliongeza kwamba akishaolewa nitakuwa huru kusema nitakavyo. Hapo ndipo nilipomwelewa. Hakuwa anabisha kwamba si kweli. Alikuwa anataka wakwe wachukue mzigo kwanza, ndipo waambiwe kilichomo. Mtu aliyenipiga fimbo sita darasa la tano kwa sababu nilificha sahani niliyovunja. Nilimtazama nikaona mzee mwoga ndani ya shati lililopigwa pasi, na nilimdharau kwa namna ambayo sijui kama binti anaruhusiwa kumdharau baba yake.

Kisha nikafanya nini? Nikanyamaza. Mwezi mzima. Nilimdharau mume wangu kwa kunyamaza, nikaja kumshinda. Mdogo wangu alikuwa ananitumia picha za vitenge kuniuliza rangi, nami nilikuwa najibu rangi.

Siku ya utambulisho nilifika Sengerema asubuhi na mwanangu, tukaingilia mlango wa uani. Wageni walikuwa waje saa nane. Mdogo wangu alikuwa jikoni peke yake, ameketi kwenye kigoda, ungo mapajani, anachagua mchele. Mwanangu akaenda moja kwa moja kwenye vitunguu, akaanza kuvipanga mstari sakafuni, vikubwa kwa vidogo, kimya. Mdogo wangu alimwangalia kwa upendo ulioniumiza.

"Dada," alisema, "Mungu akinipa wa kiume, naomba awe na adabu kama huyu. Hata akichelewa kuongea."

"Hiyo si adabu," nilimwambia.

Nikamweleza yote. Nilianza na mkono wa baba, nikaenda kwa X, kwa damu yangu, kwa damu yake ambayo haijapimwa, kwa yule mtoto aliyekuwa amefika kitunguu cha kumi na mbili. Yeye ni muuguzi, sikuhitaji kuchora. Hakunikatiza. Aliendelea kutoa mawe kwenye mchele mpaka ungo ukaisha, na nilipomaliza aliuweka chini na kuniambia kwamba baba alishamwonya. Baba alishamwambia kwamba siku yoyote nitakuja na maneno, kwamba mtoto wangu amenichanganya, na kwamba dada akipata shida hapendi kuona mdogo anafurahi.

Kwa hiyo baba alishajipanga. Wakati mimi najiuma ulimi kwa kumheshimu, yeye alikuwa ameshanipaka matope.

Mdogo wangu alifuta mikono kwenye khanga akaenda barazani, nami nikamfuata. Baba alikuwa ameketi kwenye kiti chake, ndani ya suti yake ya kustaafia, viatu vinang'aa, anasubiri wakwe. Mdogo wangu akapiga goti mbele yake kama tulivyofundishwa.

"Baba, mimi nakuamini wewe," alisema. "Dada anasema mikono yako na mwanae ni kitu kimoja. Niambie ni uongo tu, nirudi jikoni, yaishe."

Baba alisafisha koo. Akasema leo si siku ya mambo hayo. Mdogo wangu hakuinuka. Akasema baba, ni neno moja tu naomba. Baba akaangalia njiani kama wageni wanakuja, na ilikuwa saa nne asubuhi.

Kikohozi cha pili hakikutoka kwake. Mwanangu alikuwa ametufuata, maana alikuwa hajamsalimia babu yake, na kwake siku haianzi bila hiyo salamu. Akasimama pembeni ya kiti, akatoa mkono, akaugeuzia uso wake ukutani.

"Marahaba, mjukuu wangu."

Baba hakujibu. Mtoto akangoja, akakohoa, akarudia. Nilijua kwamba angerudia mpaka wageni wafike na waondoke, na baba alijua, na mdogo wangu pale chini alikuwa ameacha kumtazama baba usoni, anautazama ule mkono mdogo uliokuwa unangoja hewani. Mara ya tano, au ya sita, baba alinyoosha wa kwake. Ulianza kucheza ukiwa bado mbali. Mkono wa koti ulipanda, saa ikateleza, uzi mweusi ukaonekana. Aliukosa mkono wa mtoto mara mbili. Mara ya tatu akaushika, na mkono wa mtoto ukaanza kutikisika pamoja na wake.

"Shikamoo, babu," alisema.

Hakuigiza safari hii. Alisema kwa sauti ya mtu anayemwamkia mkubwa wake, kisha akageuzia uso kwenye ukuta wa pili, macho sakafuni. Wakabaki hivyo, wameshikana mikono, huyu ametazama huku na yule kule, mabega yamepinda sawasawa.

Mdogo wangu hakuuliza tena. Aliinuka, akachukua simu yake juu ya meza, akampigia mchumba wake palepale mbele yetu. Alimwambia atangulie peke yake, kabla ya wazee wake, kuna jambo anatakiwa alijue kutoka kwake mwenyewe. Nilipogeuka, baba alikuwa bado ameinamisha macho, na hakuna aliyemsifu.